Jinsi ya Kupata Ufadhili wa Chuo Ukiwa Mwanafunzi Mwenye Ulemavu: Mwongozo Kamili

Ujumbe ninaoupokea kuliko mwingine wowote huwa hivi: "Nimeomba ufadhili sehemu saba, sijajibiwa hata moja." Nikiomba nione alichotuma, mara nyingi nakuta alama nzuri na insha inayosomeka. Kinachomwangusha mwombaji ni kwamba ameomba mahali pasipomhusu, au ripoti yake ya daktari haimwambii mfadhili lolote, au bajeti yake imesahau gharama za ulemavu wenyewe. Wakati mwingine ni yote matatu.

Kabla ya kugusa fomu yoyote, shika jambo hili: unatafuta mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni wa masomo, yaani ada, malazi, vitabu na nauli. Wa pili ni wa ulemavu: mkalimani wa lugha ya alama, programu ya kusoma skrini, msaidizi binafsi, kiti mwendo, usafiri unaofikika. Mara nyingi mifuko hii iko kwa watu tofauti, ina fomu tofauti na tarehe tofauti. Anayetafuta mfuko mmoja akidhani utatosha kwa yote hukwama hata akishinda.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze kutafuta kabla hujavikusanya hivi. Matangazo mengine hukaa wazi wiki chache tu, na ripoti ya hospitali peke yake inaweza kumeza wiki hizo zote.

- Pasipoti au kitambulisho cha taifa, na cheti cha kuzaliwa.
- Vyeti vya masomo na matokeo, pamoja na nakala zilizothibitishwa kwa muhuri.
- Kadi au cheti cha usajili wa ulemavu, kama nchi yako inasajili.
- Ripoti ya daktari au mtaalamu (Hatua ya 2 inaeleza iweje).
- Uthibitisho wa kipato cha mzazi, mlezi au chako mwenyewe.
- Majina ya watu wawili au watatu watakaokuandikia barua za mapendekezo.
- Anwani ya barua pepe yenye jina lako halisi, unayoifungua kila siku.
- Lahajedwali au daftari moja la kufuatilia maombi.

Skani kila kitu, kisha yape mafaili majina yanayoeleweka. Ukitumia programu ya kusoma skrini, hakikisha una toleo la kila hati linalosomeka kwa sauti, maana picha ya karatasi haisomeki na utashindwa kuhakiki ulichokituma.

## Hatua ya 1: Eleza ulemavu wako kwa lugha ya darasani

Andika safu tatu. Ya kwanza iwe shughuli za chuo: kusikiliza mhadhara, kusoma, kufanya mtihani, kwenda maabara, mafunzo kwa vitendo, kuishi hosteli. Ya pili iwe kinachokuzuia. Ya tatu iwe kinachoondoa kizuizi hicho.

Mwenye uoni hafifu asiandike tu "nina tatizo la macho". Aandike: "Sisomi maandishi ya ubaoni nikiwa mbali zaidi ya mita 2. Nikipewa slaidi siku moja kabla, nazikuza kwenye kompyuta yangu na kufuatana na mhadhara." Mwenye kifafa aandike kwamba baada ya degedege huhitaji saa kadhaa za kupumzika, hivyo anahitaji utaratibu wa kuahirisha mtihani uliogongana na siku hiyo.

Karatasi hii utaitumia kwa daktari, kwenye bajeti, kwenye insha na kwenye mahojiano, ndiyo maana inatangulia. Mpe mtu asiyekufahamu aisome. Akiweza kukuambia unahitaji nini bila kuuliza jina la ugonjwa wako, imekamilika.

Hapa nisisitize kitu kinachowapotezea wengi nafasi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unawataja watu wenye upungufu wa muda mrefu wa mwili, akili au hisi, ambao ukikutana na vikwazo unawazuia kushiriki sawa na wengine. Tafsiri hiyo ni pana. Kifafa, ugonjwa wa afya ya akili wa muda mrefu, usonji, ugumu wa kujifunza kusoma, hata maradhi sugu ya mwili yanaweza kuingia. Usijitoe mwenyewe kwa sababu hutembei na fimbo. Soma tafsiri ya mfadhili husika, neno kwa neno, ndipo uamue.

## Hatua ya 2: Pata ripoti inayofanya kazi

Daktari humwandikia daktari mwenzake, lakini mfadhili si daktari. Ripoti yenye mstari mmoja, jina la ugonjwa na muhuri, humwacha msomaji akijiuliza: kwa hiyo anahitaji nini?

Nenda na karatasi yako ya safu tatu, na uombe ripoti itaje:

- Jina la hali na tangu lini unayo.
- Kama ni ya kudumu, hubadilikabadilika, au ni ya muda.
- Kipimo kilichotumika na tarehe yake, kwa mfano kipimo cha usikivu.
- Inavyoathiri kusoma, kuandika, kusikia, kutembea au kukaa muda mrefu.
- Msaada unaopendekezwa, ukitajwa kwa jina.
- Jina, cheo, namba ya usajili, sahihi na muhuri wa mtaalamu.

Usione aibu kumwachia daktari rasimu uliyoandika mwenyewe. Wengi hushukuru, kwa kuwa hawajui chuo kinafananaje kwako. Abadilishe anachotaka, mradi hoja hizo zibaki.

Angalia tarehe. Wafadhili na vyuo vingi hukataa ripoti ya zamani, hasa kwa ugumu wa kujifunza, ambako hutakiwa tathmini iliyofanywa ukiwa mtu mzima au karibu na utu uzima. Nchini Marekani, mpango binafsi wa elimu aliokuwa nao mwanafunzi shuleni hauhamii naye chuoni. Chuo huweza kuupokea kama kielelezo, lakini kina haki ya kuomba ushahidi mwingine.

Onyo: usitume faili zima la hospitali. Mfadhili hahitaji kujua dawa zako zote wala historia ya familia yako. Ripoti ya ukurasa mmoja au miwili inatosha, na anayedai zaidi aeleze kwa maandishi anaitakia nini.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya mifuko miwili

Mfuko wa masomo ni rahisi, kwani takwimu zake chuo kimeziandika. Shughulika zaidi na wa pili.

Kwanza jua nini chuo kinawajibika kukitoa chenyewe. Marekani, kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973 na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 huvitaka vyuo vitoe marekebisho kama mkalimani wa lugha ya alama darasani, muda wa ziada wa mtihani au vitabu vya sauti, bila kumtoza mwanafunzi. Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 huvipa vyuo wajibu unaofanana na huo. Wajibu huu unamhusu pia mwanafunzi anayetoka nje ya nchi hizo.

Lakini kuna mpaka ambao wengi huugundua wakiwa wameshafika. Sheria ya Marekani haikilazimishi chuo kulipia vitu vya mtu binafsi: msaidizi wa kukuvalisha na kukuogesha, kiti mwendo chako, shimesikio zako, miwani yako. Hivyo ndivyo vinavyopaswa kujaa kwenye mfuko wa pili, na ndivyo vinavyosahaulika.

Andika kila gharama kwenye mstari wake: kitu gani, kwa nini, bei, mara ngapi kwa mwaka, nani anatarajiwa kulipa. Pata ankara kifani kutoka kwa muuzaji kwa kila kitu kikubwa. Weka matengenezo pia; betri ya kiti mwendo cha umeme huchoka, na leseni ya programu huisha.

Usiandike mstari mmoja wa "mahitaji ya ulemavu" wenye kiasi kikubwa. Msomaji wa bajeti hukata asichokielewa, na mstari huo ndio wa kwanza kukatwa. Bajeti ikiwa nzuri, kila senti ya mfuko wa pili inarudi kwenye kizuizi fulani katika karatasi ya Hatua ya 1.

## Hatua ya 4: Tafuta kwa mpangilio huu

Wengi huandika "ufadhili kwa wenye ulemavu" kwenye intaneti, wakaomba vile vitano vya juu, wakaishia hapo. Hivyo vitano huombwa na kila mtu. Fuata ngazi hizi, kutoka chini kwenda juu.

### Ngazi ya kwanza: serikali yako

Fedha za umma huwa hazina mvuto wa tangazo zuri, lakini ndizo nyingi. Kenya, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hutoa msaada wa elimu, na usajili ndio mlango wake. Tanzania, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huwapa kipaumbele waombaji wenye ulemavu, ila ulemavu lazima uthibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Marekani, FAFSA, yaani fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho, ndiyo hufungua ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi. Wanafunzi wenye ulemavu wa akili wanaweza kuipata katika programu maalumu za mpito zilizoidhinishwa, hata bila cheti cha sekondari. Kila jimbo huko lina pia ofisi ya utengamao wa kikazi, ambayo huweza kulipia masomo yanayoelekea kwenye ajira. Kanada ina ruzuku ya shirikisho ya wanafunzi wenye ulemavu. Uingereza ina posho ya wanafunzi wenye ulemavu, isiyorudishwa na isiyotazama kipato cha familia, ingawa kwa kawaida mwanafunzi wa kimataifa haipati.

### Ngazi ya pili: chuo chenyewe

Ingia kwenye tovuti ya chuo, tafuta ofisi ya huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu, na uwaandikie. Uliza swali moja lililo wazi: kuna ruzuku au mfuko wowote wa ndani kwa wanafunzi wenye ulemavu, na huombwa lini? Mifuko midogo ya ndani aghalabu hutangazwa kwa waliokwisha kudahiliwa tu, hivyo usipouliza hutaijua.

### Ngazi ya tatu: ufadhili wa kila mtu wenye mfuko wa ulemavu ndani yake

Hapa ndipo napoumia kuona watu wanapita bila kutazama. Ufadhili mkubwa wa kimataifa haujaandikwa "kwa wenye ulemavu", lakini baadhi una fedha za nyongeza kwa aliyechaguliwa. DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, hugharamia mahitaji ya ziada ya wenye ulemavu au maradhi sugu. Shahada za pamoja za Erasmus Mundus, zinazofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, zina mchango kwa mahitaji binafsi ya mwanafunzi mwenye ulemavu. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola unaotolewa na Uingereza nao una msaada wa namna hiyo. Programu ya Mastercard Foundation Scholars, inayolenga vijana wa Afrika kupitia vyuo washirika, huwapa kipaumbele vijana wenye ulemavu.

Kwa anayelenga Marekani, shirika la Mobility International USA hushughulikia masuala ya ulemavu na safari za masomo.

### Ngazi ya nne: vyama vya aina yako ya ulemavu

Tafuta kwa jina la ulemavu wako mahususi, ongeza fani, ngazi ya masomo na mwaka. Tafuta kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza au lugha ya nchi unayolenga. Shirikisho la Kitaifa la Wasioona la Marekani, kwa mfano, hutoa ufadhili wa kila mwaka kwa wasioona waishio nchini humo, na mwisho wa maombi ni tarehe 31 Machi. Uingereza kuna Snowdon Trust, inayosaidia gharama zinazotokana na ulemavu. Viziwi wasisahau Chuo Kikuu cha Gallaudet mjini Washington, kilichopewa mamlaka ya kutoa shahada mwaka 1864. Kina ufadhili wake, na lugha ya alama ya Marekani na Kiingereza ndizo lugha za chuo.

Ukiwa na angalau nafasi mbili katika kila ngazi, zenye tarehe zilizoandikwa, umetafuta vya kutosha. Orodha ya thelathini usiyoweza kuikamilisha haikusaidii.

## Hatua ya 5: Chuja bila huruma

Soma masharti kabla ya sifa za ufadhili. Uraia, ngazi ya masomo, umri, uzoefu wa kazi, fani. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, hudai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, sawa na miaka miwili hivi. Usipotimiza sharti moja la lazima, futa ufadhili huo kwenye orodha. Hakuna insha inayoziba pengo hilo.

Katika hatua hii ndipo matapeli hunasa watu. Jihadhari na:

- Anayekutoza fedha ili uombe au "kuharakisha" ombi.
- Anayekupongeza kwa ufadhili ambao hukuomba.
- Anayetaka ripoti yako ya daktari na namba ya akaunti kupitia ujumbe wa simu.

Hakiki tangazo kwenye tovuti ya taasisi yenyewe, si kwenye picha iliyosambazwa katika makundi.

## Hatua ya 6: Pigia mstari tarehe, kisha rudi nyuma

Hatua fupi, ila ndiyo inayoua maombi mengi. Kwa kila tarehe ya mwisho, ondoa siku 14. Hiyo ndiyo tarehe yako. Kisha rudi nyuma: barua za mapendekezo wiki sita kabla, ripoti ya daktari miezi miwili au mitatu kabla.

Mtihani wa lugha unahitaji muda zaidi. Mitihani ya Kiingereza ya IELTS na TOEFL huruhusu marekebisho kama muda wa ziada au karatasi ya nukta nundu, lakini huombwa mapema na huambatana na ripoti. Usilipie siku ya mtihani kabla marekebisho hayajathibitishwa kwa maandishi.

Fomu ya mtandaoni isiposomeka kwa programu yako, andika barua pepe siku hiyohiyo ukieleza ukurasa gani unagoma, na uombe fomu ya namna nyingine. Hifadhi barua hiyo. Tarehe ikipita wakati unangoja jibu, ndiyo ushahidi wako.

## Hatua ya 7: Andika insha isiyoomba huruma

Insha nyingi ninazosoma huanza na kuzaliwa, zikapita hospitali tano, zikafika kwenye ndoto katika mstari wa mwisho. Mfadhili anamaliza akiwa amesikitika, lakini hajui atasoma nini mtu huyu wala kwa nini.

Geuza. Anza na kazi: unataka kusomea nini, umekwisha kufanya nini kuhusu jambo hilo, na shahada itafungua mlango gani. Ulemavu uingie pale unapoeleza jambo: ulivyotatua tatizo, ulichokiona ambacho wengine hawakioni, unachohitaji ili ufanye kazi sawasawa.

Linganisha sentensi hizi mbili:

"Licha ya kuwa kiziwi na kuteseka sana, sijakata tamaa na ninaomba mnisaidie."

"Shuleni hapakuwa na mkalimani, nikawaomba wenzangu wawili tulinganishe madaftari kila jioni. Mwaka uliofuata darasa zima lilikuwa linatumia utaratibu huo."

Ya pili inaonyesha mtu anayejua kupanga kazi, na uziwi umeeleweka bila kuomboleza.

Je, utaje ulemavu katika ufadhili wa kila mtu? Si lazima mahali pengi, na uamuzi ni wako. Mimi hushauri utajwe, kwa kifupi, kwa sababu fedha za nyongeza na marekebisho ya mahojiano haviwezi kumfikia mtu ambaye hakusema. Soma kwanza kama kuna sehemu maalumu ya kujaza isiyoonwa na wanaotoa alama, ikiwepo, itumie.

Mpe insha mtu akusomee, umuulize: "Huyu anataka kufanya nini?" Akianza kwa kukusifu uvumilivu wako, irudie.

## Hatua ya 8: Wape wanaokupendekeza mfano wa kusema

Mwalimu anayekupenda huandika "ni mwanafunzi jasiri". Haitoshi. Mpe ukurasa mmoja wenye tangazo, kazi mbili ulizozifanya kwake, alama, na tarehe. Mwambie wazi kama unaridhia aguse ulemavu wako, na aelekeze wapi maelezo yake. Mkumbushe siku kumi kabla.

## Hatua ya 9: Mahojiano

Ukiitwa, jibu kwa shukrani na ombi la marekebisho katika barua hiyohiyo: mkalimani, manukuu ya moja kwa moja, maswali kwa maandishi, mapumziko, chumba cha ghorofa ya chini. Uliza nani anamlipa mkalimani. Fanya jaribio la programu ya video siku moja kabla, pamoja na mkalimani wako.

Jiandae kwa swali la "utawezaje?" Lijibu kwa karatasi ya Hatua ya 1: kizuizi, suluhisho, na mara ya mwisho ulipolitumia likafanya kazi.

## Hatua ya 10: Kabla ya kusaini

Barua ya ushindi isikulevye. Soma mkataba ukitafuta mambo haya: idadi ya masomo unayotakiwa kubeba kila muhula, wastani wa alama wa kudumisha ufadhili, kinachotokea ukilazwa hospitalini, na kama msaidizi wako atalipiwa nauli na malazi. Sharti la kubeba mzigo kamili wa masomo huwaumiza wenye maradhi yanayopanda na kushuka. Omba lirekebishwe sasa, kwa maandishi, si baada ya kushindwa muhula.

Kama unapokea posho ya ulemavu ya serikali, uliza ufadhili utaigusaje. Kwa posho ya SSI ya Marekani, fedha za ufadhili zinazotumika kulipia ada na gharama nyingine za lazima za masomo hazihesabiwi kuwa kipato. Zinazobaki kwa matumizi mengine zinaweza kuhesabiwa. Tunza risiti.

Wafadhili wa mfuko wa kwanza wakikubali, waandikie wa mfuko wa pili wiki hiyohiyo, ukiambatanisha barua ya ushindi. Mkalimani hahitajiki tu siku ya kwanza ya mhadhara. Anahitajika kuanzia dirisha la usajili, kwenye foleni ya funguo za hosteli, na siku ya kuonyeshwa maktaba iko wapi.